Je, Wajua? Theluthi Mbili ya Unga wa Madoa ni Magadi

Je, wajua kwamba kiungo kikuu cha ule unga mweupe wa kutoa madoa, ule wa kopo la waridi ambao wengi hapa Eldoret huuita Vanish hata ukiwa wa kampuni nyingine, ni magadi kwa theluthi mbili? Kiungo hicho huitwa sodiamu pakaboneti. Pima gramu 314 zake: gramu 212 ni magadi, na 102 zilizobaki ni peroksidi ya hidrojeni, yaani maji yaliyobebeshwa oksijeni ya ziada. Makopo mengi huongezewa magadi mengine juu ya hayo. Ni ndugu wa magadi yale ambayo mama hutia kwenye mrenda ili uteleze, na ambayo huokoa gesi siku ya kuchemsha githeri.

Kenya ina ziwa zima la kitu hiki. Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, limefunikwa na ukoko ambao ukichimbwa hujijenga upya, kwa kuwa chemchemi za moto haziachi kuleta magadi mapya na jua haliachi kukausha maji. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka wa 1911, na tawi la reli likafika ziwani mwaka wa 1915. Siku hizi kampuni iko mikononi mwa Tata ya India. Magadi ghafi huchomwa kwenye tanuri yakapoteza maji na hewa ya ukaa, kisha husafirishwa kwenda kutengeneza vioo na sabuni. Sisemi kwamba yaliyo ndani ya kopo lako yametoka Kajiado, maana soda hutengenezwa pia viwandani kwa chumvi na mawe ya chokaa. Ila kila ninapoiona bei ya kopo lile dukani hukumbuka kwamba sehemu kubwa ya ninacholipia, marehemu nyanya yangu alikijua kwa jina na alikinunua sokoni kwa kijiko.

Peroksidi yenyewe iligunduliwa mwaka wa 1818 na Mfaransa Louis Jacques Thénard. Tabu yake ni kwamba ni kimiminika, tena kimiminika kisichotulia. Mwaka wa 1899 mkemia Sebastian Tanatar wa Odessa aliichanganya na magadi akapata fuwele kavu: peroksidi ilijiketisha ndani ya fuwele kwenye viti ambavyo kwa kawaida hukaliwa na maji. Ukizitia fuwele hizo kwenye beseni, mgeni huyo huinuka na kutoka, na hapo ndipo unapoviona vile viputo vidogo vikipanda. Miaka minane baadaye, 1907, kampuni ya Henkel ya Düsseldorf ilianza kuuza sabuni ya unga iliyotumia binamu wa kitu hiki, perborati. Iliitwa Persil: "per" ya perborati, "sil" ya silikati. Perborati ilidai maji ya moto sana, na baadaye boroni yake ikatiliwa shaka kiafya, kwa hiyo leo pakaboneti ndiyo iliyotawala.

Je, wajua kwamba mara nyingi doa halitoki, bali hunyang'anywa rangi? Tunaishi jirani na Nandi, basi tutumie chai kama mfano. Ukahawia wa chai unatokana na molekuli zenye vifungo vinavyomeza mwanga. Oksijeni huvikata vifungo hivyo. Kinachobaki hakimezi tena mwanga tunaouona, na jicho linasema shati ni safi. Vipande vingi huenda na maji ya kusuuza. Vingine pengine bado viko pale kwenye kola, havina rangi tu. Ndivyo ilivyo kwa kahawa, maji ya zambarau, jasho la kwapani na madoa mengi ya matunda. Mafuta ni kesi nyingine. Hayana rangi ya kukatwa, yanataka sabuni, ingawa magadi ya kopo husaidia kidogo.

Je, wajua kwamba maji ya Eldoret hutokota kabla ya kufika nyuzi 100? Mji uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na sufuria huanza kuchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Anayepika maharagwe analijua hili kwa njaa. Anayefua angefaa alijue pia. Unga wa oksijeni hujikokota kwenye maji baridi, na huamka kwenye nyuzi 40 hadi 60. Jik, ile dawa ya klorini, haihitaji jiko. Huu unahitaji. Wengi waliousema vibaya waliutia kwenye maji ya mfereji asubuhi ya Julai, wakangoja dakika kumi huku vidole vikifa ganzi, kisha wakarudi kwenye Jik wakiapa kwamba wameibiwa.

Hesabu ya beseni haihitaji kipimajoto. Tuseme maji ya mfereji yana nyuzi 18. Sufuria moja ya maji yanayotokota kwa sufuria moja ya baridi itakupa kama nyuzi 55, ambazo zinafaa shuka na taulo nyeupe. Sufuria moja ya moto kwa mbili za baridi itakupa kama 43, zinazofaa nguo za rangi. Mombasa, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100 na ya mfereji tayari yana kama 28, nusu kwa nusu inakupeleka hadi 64. Kwa hiyo usichukue vipimo vya shangazi aliye pwani, na yeye asichukue vyako. Yeyusha unga kwanza, ndipo uingize nguo, uloweke saa moja hadi sita kulingana na ukaidi wa doa. Baada ya hapo peroksidi huwa imekwisha nguvu. Anayelaza nguo usiku kucha analoweka magadi tu.

Kuna njia ya kuupunguzia unga huu hamu ya moto. Tangu miaka ya 1970 viwanda vya Ulaya vilianza kuchanganya kwenye sabuni kitu kiitwacho TAED, ambacho hushirikiana na peroksidi na kuzaa asidi yenye nguvu ya kung'arisha, inayofanya kazi hata kwenye maji vuguvugu. Ukiziona herufi hizo nne kwenye lebo ya sabuni ya unga, jua umelipia kitu cha maana.

Je, wajua kwamba mama zetu waliotandaza shuka zenye povu juu ya nyasi walikuwa wakitumia oksijeni bila kununua kopo? Miale ya jua isiyoonekana, ile ya urujuanimno, ikikutana na maji na hewa juu ya kitambaa huzalisha aina kali za oksijeni, peroksidi ikiwemo, nazo huzikata rangi za madoa. Siri iko kwenye unyevu. Shuka likikauka kazi inasimama, ndiyo maana mama alikuwa akikutuma na kikombe ulinyunyizie maji tena, nawe ukidhani anakutafutia kazi.

Wazungu walifanya hivyohivyo kwa mamia ya miaka. Viwanja vya nje ya mji wa Haarlem, Uholanzi, vilijaa vitambaa vya kitani vilivyotandazwa nyasini. Jacob van Ruisdael alivichora katika karne ya 17, na kwenye picha zake huonekana kama vipande vya theluji. Kitani kililowekwa kwenye maji ya majivu, kikatandazwa juani, kikamwagiwa maziwa yaliyoganda ili asidi yake iondoe ukali wa majivu, kikatandazwa tena. Kazi hiyo ilichukua miezi. Mwambie mtu wa Uasin Gishu kwamba kuna watu walioyamwaga maziwa ya mgando juu ya nguo kwa makusudi, atakutazama mara mbili.

Kwa njia hii Eldoret imebarikiwa. Tuko karibu kabisa na ikweta, na kila unapopanda mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 12. Ina maana nyasi zetu hupata karibu robo zaidi ya miale hiyo kuliko nyasi za pwani siku mawingu yakiwa sawa. Ila mawingu hayako sawa. Kuanzia Machi hadi Septemba mvua yetu ina tabia ya kuja alasiri, kwa hiyo tandaza saa tatu na uanue kabla ya saa nane. Na jua halichagui: doa na maua ya kitenge chako, yote ni rangi kwake. Nguo ya rangi igeuze ndani nje.

Je, wajua ni doa gani ambalo oksijeni hailiwezi hata ukimwaga kopo zima? Udongo wetu mwekundu. Wekundu ule ni kutu, yaani chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni. Hakuna cha kuunguza tena. Ni kama kujaribu kuchoma majivu. Kibaya zaidi, chuma huichokoza peroksidi ivunjike haraka, kwa hiyo kwenye beseni la matope dawa yako hupotea kwa viputo kabla ya kulifikia doa lolote. Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat, wanaorudi kila asubuhi na soksi za rangi ya matofali, wengi wao hufua wenyewe kwa mkono, na utaratibu wanaoufuata ndio sahihi: acha tope likauke, likung'ute, suuza kwa maji baridi, piga sabuni ya kipande, suuza tena mpaka maji yawe meupe. Unga wa oksijeni uje baada ya hapo, kwa ajili ya jasho. Kivuli chekundu kikibaki, ndimu itafaa zaidi, maana asidi yake hukishika chuma na kukiyeyusha. Jik je? Jik hukifanya chuma kilicho ndani ya maji kiwe kutu papo hapo. Mwenye kisima chenye maji ya chuma akitia Jik kwenye shuka nyeupe huzitoa za manjano, kisha huongeza Jik, na manjano nayo huongezeka.

Damu ni mchezo mwingine. Ukiudondosha unga uliolowa juu ya doa la damu utaona povu likifoka kama soda iliyotikiswa. Ndani ya damu mna kimeng'enya kiitwacho katalasi, ambacho kazi yake mwilini ni kuivunja peroksidi, na molekuli yake moja huvunja mamilioni ya molekuli za peroksidi kwa sekunde. Inapendeza kutazama lakini ni hasara, kwa sababu oksijeni imekwenda hewani. Anza kwa maji baridi, damu nyingi itoke; maji ya moto yangeipika ishikamane na uzi kama yai kwenye sufuria. Watoto wakiwa na likizo na huna la kuwapa, watilie tone la dawa ya peroksidi ya famasia juu ya kipande cha kiazi kibichi. Kiazi nacho kina katalasi.

Bizari nayo hutisha wasioijua. Doa la manjano la pilau likiguswa na sabuni au magadi hugeuka jekundu, na mwenye kitambaa hupiga kelele kwamba kimeharibiwa. Hakijaharibiwa. Rangi ya bizari hubadilika ikikutana na magadi na hurudi manjano ukiisuuza kwa siki. Tena ni dhaifu mbele ya jua: kitambaa kikianikwa kikiwa kimelowa, siku mbili tatu za jua la Januari humaliza kesi.

Tukimbie kidogo mbali na beseni. Asali ya Baringo ikichanganywa na maji huzalisha peroksidi, kwa kimeng'enya ambacho nyuki wenyewe wamekitia, na hiyo ni sababu mojawapo ya asali kufaa vidonda. Watafiti walieleza mwaka wa 2009 kwamba mvi huhusiana na peroksidi inayojikusanya kwenye mizizi ya nywele. Kumbe uzee pia hufua. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa Kenya. Roketi iliyoibeba, aina ya Scout, ilijielekeza njiani kwa vijeti vya peroksidi ya hidrojeni. Ile ilikuwa kali kupita kiasi, usiifikirie kwa soksi.

Je, wajua kwamba shati lako jeupe la pamba huenda lilipitia peroksidi kabla hujalinunua? Pamba kutoka shambani haiko nyeupe kama tunavyoambiwa na mashairi. Ina rangi ya maziwa yaliyochanganyika na vumbi. Viwanda vya nguo duniani kwa sehemu kubwa huing'arisha kwa peroksidi ya moto. Eldoret inaijua kazi ya pamba kwa karibu: Rivatex, kilichojengwa katika miaka ya 1970, kilianguka kikafungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na kikazinduliwa upya mwaka wa 2019 kikiwa na mitambo mipya. Kwa hiyo shati la pamba linapokutana na unga wa oksijeni nyumbani, linakutana na mtu wanayejuana.

Sufu na hariri hazina urafiki huo. Hizo ni protini, kama nywele na kucha, na magadi ya moto huzilegeza na kuzifanya ngumu kama ubao zikikauka. Huu ni mji wa sweta na blanketi, baridi ya usiku ikishuka hadi nyuzi 10, kwa hiyo onyo hili lina wateja. Sweta nyingi za shule ni akriliki na hazidhuriki na unga wenyewe, ila si kwa maji ya moto sana. Koti la sufu la mitumba lile, lililokugharimu kubishana nusu saa, lifue kwa maji vuguvugu na sabuni laini, basi. Ngozi pia usiiloweke.

Nimetaja mitumba, na hapa pana jambo ambalo ningependa lijulikane kuliko yote yaliyotangulia. Ndani ya kola au ubavuni mwa nguo nyingi za mitumba mna kilebo chenye vialama. Watu hukitazama kwa ajili ya saizi tu. Tafuta pembetatu. Pembetatu tupu ina maana nguo inaruhusu dawa yoyote ya kung'arisha, Jik ikiwemo. Pembetatu yenye mistari miwili iliyolala upande ina maana oksijeni tu, klorini hapana. Pembetatu iliyopigwa mkasi, yaani msalaba juu yake, ina maana usitie chochote. Alama hizi zinasimamiwa na muungano wa GINETEX ulioanzishwa Paris mwaka wa 1963, na hazihitaji kujua Kiingereza wala Kijerumani. Nguo nyingi za mazoezi huikataa klorini, kwa kuwa zina uzi wa kuvutika, na klorini huukata uzi huo na kuutia umanjano. Kama kaptura yako ya kukimbilia imelegea kiunoni kabla ya mwaka kwisha, pengine haikuwa feki. Pengine ilifuliwa kwa Jik.

Siiandiki Jik kwa ubaya. Kuua viini kwenye sakafu na choo ni kazi inayoijua vizuri. Klorini iligunduliwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka wa 1774, ila babu wa Jik alizaliwa Ufaransa: Claude Berthollet alionyesha muongo uliofuata kwamba klorini inang'arisha nguo, na dawa ya kwanza ikatengenezwa kwenye kijiji cha Javel, ambacho leo kimemezwa na jiji la Paris. Viwanja vya nyasi vya Haarlem vilianza kufa tangu siku hiyo, kwa sababu kazi ya miezi sasa ilikuwa ya siku chache. Na kuna jambo la kuchekesha madukani kwetu: Jik na Vanish, zinazoshindana kwenye rafu, ni za nyumba moja, Reckitt, kampuni iliyoanzia mji wa Hull, Uingereza, na iliyowauzia babu zetu bluu ya nguo.

Bluu! Kizazi cha sasa hakiijui sana, lakini kile kitone cha bluu kwenye maji ya mwisho ya kusuuza hakikusafisha chochote. Nguo nyeupe ikizeeka huelekea umanjano, na bluu kidogo huyadanganya macho umanjano usionekane. Sabuni za unga za leo hufanya ujanja huohuo kwa njia nyingine: zina rangi zinazomeza miale ya urujuanimno na kuitoa kama mwanga wa samawati. Ndiyo maana shati jeupe hung'aa kama taa kwenye ukumbi wa disko.

Kuhusu kuchanganya, nitasema kwa ufupi na kwa ukali. Jik na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Jik na mkojo, kwa mfano nepi au shuka la mtoto ambalo halijasuuzwa, hutoa gesi nyingine inayochoma macho na mapafu. Jik na unga wa oksijeni hupigana na kuuana, unabaki na maji ya chumvi na viputo. Kwenye maabara mapambano hayo hutoa mwanga mwekundu hafifu gizani, kwa sababu oksijeni inayozaliwa pale huwa na nguvu za ziada. Usijaribu bafuni. Zote mbili kwenye beseni moja ni kutupa pesa mara mbili.

Unga ukishalowa usiufunge. Kuna mama mmoja anayenifulia Jumamosi, mtu mwangalifu sana, ambaye aliona maji ya beseni bado yana viputo akasema yasipotee, akayajaza kwenye chupa ya soda, akakaza kifuniko na kuiweka chini ya sinki. Usiku tulisikia mlio kama wa gurudumu la matatu kupasuka. Peroksidi haikuwa imekwisha, oksijeni ilikuwa ikitoka, na haikuwa na pa kwenda. Hakuumia mtu, ila kabati halikupona. Kopo la unga mkavu nalo lina adui yake, unyevu wa hewa: kijiko kilicholowa kikiingia humo, unga huanza kujimaliza wenyewe polepole, na mwezi ujao utabaki na jina tu. Na kama nawe una mama fua, mnunulie glavu. Magadi hayachagui kati ya mafuta ya kwenye nguo na mafuta ya ngozi ya mikono yake.

Nimeacha doa la kwetu kabisa mwisho. Wanariadha wanaporudi na medali hupokewa kwenye uwanja wa ndege wa Eldoret kwa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na si yote huingia mdomoni. Je, wajua kwa nini doa lake ni la pekee? Mursik ni madoa matatu katika moja. Kuna protini ya maziwa, inayotaka maji baridi. Kuna mafuta, yanayotaka sabuni. Na kuna ile rangi ya kijivu inayoelekea bluu, inayotokana na makaa ya mti wa senetwet yanayosuguliwa ndani ya kibuyu. Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Kaboni huungua, hilo kila mwenye jiko analijua, lakini haiungui kwenye maji ya nyuzi 55, na hakuna unga wa oksijeni wa dukani utakaoifanya iungue. Inatoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa, chembe kwa chembe, ikiwa mbichi. Ikishakauka ndani ya uzi huwa imehamia.

Shati langu jeupe la mapokezi nimelipitisha kwenye kila kitu kilichotajwa humu, isipokuwa roketi. Chai iliyokuwa mfukoni imetoka, jasho la kola limetoka. Kivuli cha mursik kifuani bado kipo.